Birika Lenye Mdomo Wangu

Mtaa wa 54 Magharibi,
Los Angeles, California.
Jumapili, 9 Novemba 1975

Mpendwa binamu yangu Arletha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, salamu zinazonukia mkate wa mahindi, maana ninakuandikia mezani jikoni na vyombo vya mchana bado havijaoshwa. Habari za huko Ujerumani? Wewe hujambo, na watoto hawajambo? Shemeji Lucius mgongo wake umepoa, au jeshi bado linambebesha masanduku kama kijana wa miaka ishirini? Mama alitwambia baridi imewaingia mapema mwaka huu na kwamba umenunua koti refu lenye manyoya shingoni. Livae, Arletha. Usiliweke kabatini likingoja Pasaka, nakujua.

Sisi huku ni wazima. Wendell bado anagawa barua na mbwa wa watu bado wanamkimbiza. Rochelle ametimiza miaka tisa na mdomo wake una maneno kuliko wa wakili. Presha ya Mama imeshuka kidogo. Daktari amemkataza chumvi, naye humkubalia daktari mchana, jioni anatia chumvi kama kawaida. Ukimwandikia mgombeze kidogo, wewe anakusikiliza kuliko sisi.

Sasa vuta kiti ukae. Nina jambo limenikaa kifuani, na nisipolisema kwako nitakuja kulisema kanisani mbele za watu, Mama afe kwa aibu. Ni habari ya Jonetta. Najua utasema, aa, Verlene na mdogo wake tena. Ndiyo, tena. Namwonea wivu mdogo wangu, na sitalitafutia jambo hili jina zuri. Watu husema nimechoka, au nimeudhika. Sijachoka wala sijaudhika. Ni kijicho, kile kile cha mtu anayetazama sahani ya mwenzake.

Unajua bado nipo kwenye ile studio ya katuni, chumba cha rangi. Huko jeshini hamzioni televisheni zetu, kwa hiyo ngoja nikueleze. Nchi inakaribia kutimiza miaka mia mbili, na huku kila kitu ni bendera. Hata pakiti za maziwa zina bendera. Basi wakubwa wa televisheni wakaona kwamba watoto wanaokaa Jumamosi asubuhi na mabakuli yao kutazama paka akimfukuza panya, katikati wapewe kijiko cha historia. Katuni fupi fupi za nyimbo, dakika tatu, jambo moja moja. Wakati wa kumeza wasijue wamemeza. Studio yetu ikapewa ile habari ya chai ya Boston, namna watu walivyoitupa baharini kwa sababu ya ushuru wa mfalme.

Anayesimulia ni birika. Usicheke. Ni birika la jikoni, limekaa motoni limekasirika, linauliza chai yake iko wapi. Linasema kuna mfalme ng'ambo ya bahari, hajawahi kuosha kikombe hata kimoja Boston, lakini anataka ushuru wa kila jani. Linasema hakuna mtu wa Boston anayekaa kwenye baraza lake kuwasemea wenzake. Watu wanaikataa chai, wanaitupa majini, na birika linabaki linaililia huku linajivuna, hadi mwisho wanalichemshia majani ya mforosadi na kitu gani sijui kutoka uani, wakinywa wanakunja uso na kusema tamu. Ukiniuliza mimi, aliyekuwa akilishika birika kule Boston siku hizo huenda alikuwa mtu wetu, mtu mweusi, na hakuna aliyekwenda jikoni kumuuliza maoni yake kuhusu ushuru. Lakini hilo halikutiwa kwenye wimbo.

Katuni haichorwi kwanza ikaimbwa baadaye. Inaimbwa kwanza. Wachoraji wanaisikiliza sauti kwenye tepu, tena na tena, na mdomo wa kitu kinachoimba wanauchora kuifuata hiyo sauti: hapa umefunguka, hapa umefumba, hapa anavuta pumzi. Bila sauti hawana la kuchora. Na mwaka huu mwimbaji alikuwa hajapatikana, na kazi inachelewa.

Basi Bwana Kessler, huyu ndiye msimamizi wetu, mtu mwembamba anayetafuna penseli, alipita chumba cha rangi akanisikia ninaimba. Mimi nikipaka rangi huimba, wenzangu wamezoea. Akaniomba nimpe sauti ya muda tu, wachoraji wapate pa kuanzia, mpaka mwimbaji mwenyewe apatikane. Aliniomba kama mtu anayekuomba umwekee kiti anapokwenda msalani. Nikavua glavu nikaenda.

Arletha, niliimba. Mpiga piano hakuwa na maana, lakini mimi niliimba vile tulivyokuwa tukiimba kwa Mchungaji Battle, kwa tumbo. Na nilipofika pale birika linapoambiwa anachotaka mfalme, nikasonya. Sikupanga. Mtu akinisimulia habari ya mfalme asiyeosha vikombe, meno yangu yanajifanyia kazi yenyewe. Kila ubeti ukifika pale, nikasonya. Unaujua msonyo wangu. Ndio ule uliotupatia viboko sote watatu siku ya mazishi ya Babu. Bwana Kessler alikuwa nyuma ya kioo, akaniinulia kidole gumba.

Michoro ilipoanza kuja chumba cha rangi, Lord, wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga kopo la buluu. Birika limeshika kiuno. Mkono wake wa kushikia ndio umekunjwa kiunoni, na mrija wa kumiminia ndio mkono wa pili, unamnyooshea mfalme kidole. Lina makalio. Wachoraji wamekuwa wakinitazama nikipita na kahawa, kumbe. Dolores anayekaa karibu nami akaniambia, "Verlene, hili birika linakwenda kanisa moja na wewe."

Miezi yote ya joto nimelipaka rangi birika lile. Karatasi kwa karatasi, mdomo kwa mdomo, na kila mdomo nimeujua neno lake. Nimeupaka rangi mdomo wangu mwenyewe, binamu, unaimba na hautoi sauti. Hapo ndipo nilipoanza kutumaini. Hakuna aliyeniahidi kitu, nalisema hilo usije ukamlaumu mtu bure. Niliahidiwa na roho yangu tu. Nilisema, wameshalichora kwa sauti yangu, limeshachukua kiuno changu, watamtafuta nani mwingine tena? Nikamwambia Rochelle. Kisha nikamwambia Mama, na hapo ndipo nilipoharibu.

Maana Mama jioni ile ile alimpigia simu Jonetta, kwamba kazini kwa dada yako wanatafuta mwimbaji.

Jonetta unajua anaimba matangazo. Sabuni, magari, chakula cha paka. Ana mwalimu wa sauti aliyemfundisha kufungua mdomo kana kwamba kuna yai ndani. Akaja siku ya majaribio amevaa suti ya suruali ya rangi ya machungwa na wigi jipya, na watu wa televisheni kutoka New York walikuwapo. Mimi nilikuwa chumba cha rangi na glavu zangu. Nilimsikia kupitia ukutani, nikamjua kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Alikuwa anaimba vizuri, sitamsingizia. Aliimba kama maji yanavyotoka bombani kwa matajiri. Kufika saa ya chakula alikuwa ameshaipata kazi.

Akaja chumba cha rangi kunibusu. Mbele ya Dolores na wenzangu wote akanishika mabega akasema, "Dada, asante kwa kunishikia nafasi."

Huenda alikuwa na nia njema. Wendell anasema alikuwa na nia njema. Mimi nilitabasamu mpaka taya zikauma, na alipoondoka nikalipaka birika moja rangi ya kijani, likatupwa.

Jumapili iliyofuata Mama alioka pai ya viazi vitamu, ile anayooka mtu akibatizwa. Mimi nilipozaa nilipewa biskuti. Mezani ikawa Jonetta hivi, Jonetta vile, watu wa New York walimwambiaje, atavaa nini. Rochelle akasema kwa sauti, "Lakini birika ni mama." Bibi yake akamwambia anyamaze, watu wazima wanakula. Nikala vipande viwili vya ile pai na kila tonge lilikwama hapa kooni. Halafu nikaomba cha tatu, kwa sababu hata ikikwama ni pai ya Mama.

Basi ikafika siku ya kurekodi yenyewe, wiki iliyopita, Jumatatu. Filamu ilikuwa imekwisha chorwa na kupakwa, na lazima iondoke studio kabla ya mwisho wa wiki. Jonetta anasimama mbele ya maikrofoni, birika linaonyeshwa kwenye kitambaa cheupe ukutani, yeye anaimba kulifuata. Na birika likamkataa. Pale ninapovuta pumzi mimi, yeye bado anaimba, mdomo umefumba na sauti inatoka. Pale anapopumua yeye, birika linapiga kelele bila sauti. Polepole akazizoea pumzi zangu, maana ni fundi. Lakini walipofika kwenye msonyo, mdomo ukapinda, kifuniko kikaruka juu, na hakuna sauti iliyotoka.

Bwana Kessler akamwambia, hapo weka mvuke.

Mvuke! Yule bwana miezi yote alidhani ule ni mvuke. Kwao hawasonyi, hajui ni kitu gani. Alisikia sauti ya meno akasema, ona yule mwanamke, ana akili, amelitilia birika mvuke. Ndiyo maana akawaamuru wachoraji wakirushe kifuniko. Basi Jonetta akajaribu, shhh, kama mtu anayembembeleza mtoto. Akajaribu tss, kama yai kikaangoni. Wapi. Kessler akatafuna penseli yake mpaka kati. Akampigia ile tepu yangu asikie, akamwambia, hivyo, mvuke kama huo. Na Jonetta akasikia, akajua ni nini. Angemwambia nini mzungu wa watu? Na mwenyewe hawezi tena kusonya. Mama alimchapa mpaka akauacha, na kilichobaki mwalimu wa sauti akakimaliza.

Utaniuliza kwa nini hawakukata msonyo wangu kwenye tepu ya zamani wakaubandika. Haikukatika. Piano ilikuwa inalia pamoja nami kwenye tepu ile ile, huwezi kuutoa msonyo bila kutoka na piano mbovu.

Jumanne mchana Bwana Kessler akaja kwenye meza yangu, akainama. Akasema ana njia mbili tu. Ama kesho asubuhi niende nikamfanyie mvuke pale unapotakiwa, Jonetta aimbe mengine. Ama airudishe ile tepu yangu ya kwanza, na piano yake, na sauti yangu mwanzo hadi mwisho, watu wa New York wanune wanavyotaka kwa sababu muda umekwisha. Kwake yote ni sawa. Nimwambie kesho. Akaondoka zake. Alidhani ameniuliza habari ya mvuke, kumbe ameniuliza kama nitamnyang'anya mdogo wangu tonge mdomoni.

Nilirudi nyumbani na furaha, Arletha. Nalisema wazi. Niliosha mboga naimba. Wendell aliingia, akanitazama, akauliza nani amekufa. Nilipomweleza akasema, "Na Jonetta je?" Nikamwambia Jonetta atapata paka mwingine wa kumwimbia. Akatoka kwenda kumwagilia majani, na yalikuwa yameshamwagiliwa.

Jonetta akaja kabla hatujala. Hana wigi, ana kitambaa tu kichwani, kama tulipokuwa wadogo. Kessler alikuwa amemwambia. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na majibu yangu nimeyapanga mstari, akiniomba namjibu hili, akilia namjibu lile. Hakuomba wala hakulia. Alivuta kigoda akaanza kuchambua mboga pamoja nami, na alichambua vibaya, anaacha vikonyo.

Kisha akasema, "Walinivalisha hedifoni, sauti yako ikawa masikioni mwangu siku nzima, niimbe juu yake. Siku nzima, Verlene. Unajua inakuwaje kuvaa gauni la mtu na kila ukijitazama kwenye kioo unaona lilimkaa yeye?"

Nikamwambia sijui, mimi huvaa nguo zangu.

Akasema alijaribu kusonya chooni mbele ya kioo, ikashindikana. "Nimelipa watu wanitoe mdomo wangu wanipe mwingine. Sasa wanautaka ule wa kwanza na mimi sijui niliuweka wapi." Akachambua tena. "Kama unataka ipigwe ya kwako, ipigwe. Ni nzuri kuliko yangu. Nakuonea wivu nataka kutapika. Lakini nimewaimbia sabuni miaka yote hii na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kurudi kutoka shule akiimba wimbo wangu."

Unajua tangu azaliwe yule mtoto nimengoja aseme kwamba ananionea wivu. Nilidhani siku akisema nitashiba. Sikushiba, binamu. Nilimwonea wivu hata huo wivu wake, maana aliusema vizuri kuliko mimi.

Usiku ule nililala nikigeukageuka, na asubuhi nikamwambia Bwana Kessler nitafanya mvuke. Usinifanye mtakatifu, tafadhali, wala usimwambie Mama nilifanya kwa upendo. Ilikuwa hivi: ile sauti yangu wangeirudisha kwa sababu muda umekwisha. Ningekuwa kile kilichobaki kwenye sufuria. Mimi nilitaka kuchaguliwa, si kubakizwa. Kama siwezi kuchaguliwa, basi heri nikaribishwe hata kwa meno.

Walitusimamisha tukitazamana, yeye maikrofoni yake na mimi yangu, birika likicheza ukutani. Jonetta akaimba, ikafika pale pangu, nikasonya. Ukatoka msonyo wa adabu, msonyo wa mgeni. Kessler akatikisa kichwa: mvuke zaidi. Tukarudia. Zaidi.

Hapo nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa amerudi kwenye ile suti ya machungwa. Kidole kwenye hedifoni, shingo imenyooka, midomo ina yai lake ndani, anaimba wimbo wangu kwa pumzi zangu. Nikaikumbuka pai. Nikakumbuka nilivyoambiwa asante nikiwa na glavu. Nikakumbuka hata yale mashindano ya kwaya kule Macon, alipopewa mstari wangu kwa sababu sauti ilikuwa imenikauka, na sauti iliporudi mstari haukurudi. Nikamsonya, Arletha. Si mfalme, yeye. Nilimsonya kuanzia nyayoni. Ulitoka mrefu, umekolea, unaingia ndani na kuzunguka kabla ya kukatika, na kifuniko cha birika kiliruka pale pale kana kwamba nimekirusha mimi.

Jonetta alijua. Macho yalimpanuka. Na mstari uliofuata aliuimba kwa hasira ambayo sijawahi kuisikia kwake, yai limeanguka, maji ya bombani yamekauka, sauti imekuwa ile ya nyumbani, ina kokoto. Ubeti wa pili nikamwongezea. Naye akanirudishia kwenye wimbo. Ubeti wa tatu hivyo hivyo. Tulikuwa tunagombana pale mbele za watu, ugomvi wa miaka yote, na hakuna aliyejua ila sisi. Kessler alikuwa amesimama, penseli imemdondoka. Akasema hajawahi kusikia mvuke safi kama ule.

Taa nyekundu ikazimwa, mashine zikasimama. Jonetta akavua hedifoni taratibu, akaziweka, akanitazama juu hadi chini, akanisonya.

Ule ule aliosema hana. Mrefu, wa kiwango cha Mama, wa kuchapiwa. Bwana Kessler akauliza kama kuna mashine bado inavuja. Tulicheka mpaka nikaushika mti wa maikrofoni nisianguke. Jonetta alikuwa anacheka na machozi yanaharibu wanja. Kwa hiyo alikuwa nao, ulirudi, angeweza kufanya mvuke wake mwenyewe na mimi nirudi kwenye rangi zangu. Yeye hakumwambia Kessler. Mimi pia sikumwambia.

Jana ndipo ilipoonyeshwa, saa mbili na nusu asubuhi. Walikuja wote hapa kwangu, kwa sababu televisheni yetu ndiyo yenye rangi. Rochelle alilala kwenye zulia na bakuli lake. Birika likatokea, limeshika kiuno, Mama akasema kwa sauti ya chini huyu namjua, nilimsikia. Kisha jina la Jonetta likapita chini, likasomeka vizuri, herufi nyeupe. Watu wakapiga makofi. Simu ikalia, ya Jonetta. Ikalia tena, ya Jonetta. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya mayai, ninangoja Jonetta aseme na mimi nimo. Sikumwomba aseme, wala sikutarajia, na alipokosa kusema niliumia kama aliyeahidiwa. Alikuwa anajieleza kwenye simu, kidole kinazungusha waya. Alinitazama mara moja, akageukia dirishani. Nilienda kuosha kikaango.

Kufika saa sita mtaa mzima ulikuwa unasonya. Watoto hawauimbi wimbo, historia hawana habari nayo, lakini ule mvuke wameushika. Bibi Pruitt wa nyumba ya pili akaja mlangoni analalamika kwamba amemwambia mwanawe atoe takataka, mtoto akamsonya, na alipomkamata sikio akasema amejifunza kwenye televisheni, ni masomo. Mama, huyu huyu Mama aliyetuchapa siku ya mazishi, akamwambia Bibi Pruitt asijali, ni mvuke tu wa birika. Kunya anye kuku. Sisi tukisonya viboko, birika likisonya elimu.

Basi ndiyo hayo. Bado namwonea wivu, sijapoa, nisingekuandikia kurasa zote hizi kama ningekuwa nimepoa. Jina ni lake, sauti ni yake, na simu ni zake. Ila leo kanisani, wakati wa mahubiri, nilikuwa nawaza jambo hili nikashindwa kukaa sawa. Mfalme hayumo ndani ya ule msonyo, Arletha, wala ushuru. Kuanzia sasa kila Jumamosi asubuhi, watoto wa nchi hii nzima, weusi na weupe, wa mashambani Iowa na wa maghorofani New York, watakaa na mabakuli yao wakisikiliza kijicho changu kwa mdogo wangu, na watadhani ni maji yamechemka.

Msalimie sana shemeji Lucius, umwambie Wendell anamngojea kwa ule mchezo wa karata wasioumaliza. Wabusu watoto. Rochelle anawasalimu na anataka wamletee saa ya ukutani yenye ndege anayetoka. Mama anakuombea kila jioni, kwa sauti, sote tunasikia. Jonetta hajui kwamba nimeandika. Msalimie mwenyewe ukipenda, anwani yake unayo.

Mungu awakinge na baridi hiyo, awape afya na amani nyumbani, na siku jeshi litakapowachoka awarudishe kwetu mkiwa wazima wote.

Wako wa damu, akupendaye kwa moyo wake uleule mbaya,

Verlene